Benchi la Jumamosi

Fundi alipoukata mguu uliovunjika wa benchi la mama, harufu ya mtarakwa ilitoka kama vile mti umeangushwa jana. Benchi lile na mimi tunakaribiana umri. Limenyeshewa, limepigwa jua, kuku wamelala juu yake, watoto wamejifunzia kusimama kwa kulishika, na muda wote huo harufu ilikuwa imekaa mle ndani ya mbao. Nikamwambia fundi asimame kidogo. Akadhani nataka kuanza kubishana naye juu ya kazi yake. Nikamwambia hapana, endelea tu, mimi nimechoka.

Nimechoka kweli. Tumemzika mama, wageni wamekula wameondoka, masufuria ya watu yamerudishwa, na sasa nyumba imebaki na ule ukimya ambao mliofiwa mnaujua. Mguu wa benchi ulivunjika siku ya maziko, maana walikaa watu saba mahali pa wanne. Mama angecheka. Kuna miezi, nikiwa mdogo, benchi hilo hilo halikukaliwa na mgeni hata mmoja, na mimi nilikuwa naliogopa.

Kwetu ni Daa. Anayezijua zile pande za Karatu anaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu unateremka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa kwenye mahindi makavu mpaka saa nne. Baba alikuwa mpishi wa kambi za wageni. Baridi hiyo ndiyo msimu wa wageni, kwa hiyo siku tulizomhitaji zaidi ndizo alizokuwa mbali, huko Serengeti, anawakaangia Wazungu mayai. Akirudi alituletea lanchi boksi zilizobaki, na mimi niliijua juisi ya boksi kabla sijajua kusoma. Siku ninazosimulia nilikuwa na miaka minane hivi. Mdogo wangu Danieli alikuwa na miwili. Na mama alikuwa na mimba.

Danieli alikufa kwa kichomi. Siku ya kwanza alikohoa, siku ya pili hakunywa hata uji, siku ya tatu baba akaitwa na gari la kampuni likamleta, akakuta tumeshamfunika. Majirani walizika, wakanawa, wakaondoka. Baba alikaa kidogo, akarudi kazini, kwa sababu mpishi anayechelewa anakuta mwenzake kwenye jiko lake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, bibi alikuwa akimsema hivyo.

Baada ya hapo watu waliacha kuja. Kwetu sisi Wairaqw jambo hilo lina jina, tunaliita metimani. Nyumba iliyopotelewa na mtoto inakaa pembeni. Huendi kwa watu, watu hawaji kwako. Huchoti maji pamoja nao, huchanganyi mifugo, na zaidi ya yote huombi moto. Hakuna anayekuchukia. Wanakusalimia kwa mbali, wanakuwekea kikapu cha viazi kwenye mpaka wa shamba, halafu wanageuka. Ni kama kifo kimebaki nguoni mwenu na wao wana watoto. Siku hizi vijana wengi hawaifuati, lakini wakati ule wazee walikuwa na nguvu, na hata aliyekwenda kanisani kila Jumapili aliiogopa.

Mimi sikuelezwa lolote. Nilichokiona ni kwamba Mama Tluway, jirani yetu wa karibu kabisa, ambaye nyumba yake na yetu zilitengwa na mstari wa mikonge tu, ameacha kuniita nikanywe maziwa. Nikasikia wanawake wakisemea mbali kwamba mama atajifungua na nani sasa, maana zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu, na mwanamke hazai peke yake. Bibi yangu naye miguu ilishamwishia, alikuwa kwa shangazi kule Baray. Hilo la kujifungua ndilo lililokuwa linamla mama, ingawa hakulisema. Nilimwona akijishika kiuno na kuhesabu wiki kwa vidole.

Sasa, jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kila Jumamosi asubuhi, nyumba moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, kwa zamu. Zamu yetu ilifika tukiwa ndani ya metimani. Mama alifagia uwanja tangu alfajiri. Akatoa benchi, akapanga vigoda, akachemsha makande ya mahindi na ngwara, yale maharage yetu meusi ambayo yakiiva harufu yake inafika barabarani. Akavaa kitenge chake cha kanisani. Tukakaa tukingoja.

Alikuja katekista peke yake. Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri kwa ukali kwamba Mkristo hamtengi mfiwa. Watu waliitika amina, wakatoka, wakazunguka njia ya mbali wasipite mlangoni kwetu. Na yeye mwenyewe siku ile hakukaa. Alisali haraka haraka amesimama karibu na mikonge, akasema ana safari, akaenda. Makande yalibaki sufuria nzima, tukayala siku tatu.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa nyumba nyingine. Mama, saa ile ile, akaburuta benchi nje.

"Mama, leo siyo zamu yetu," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa?"

"Zamu yetu haijaisha. Hakuna aliyekuja."

Akakaa kwenye kigoda, akilitazama benchi, akaanza rozari. Anayesali rozari anajua kwamba kila Salamu Maria ina nusu mbili, mmoja anatangulia na wengine wanaitikia. Mama alisema nusu ya kwanza, akanyamaza. Akalitazama benchi tupu kwa muda ule ule ambao watu wangeutumia kuitikia. Kisha yeye mwenyewe akasema nusu ya pili, polepole, na kuanza tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa mlangoni. Kwa akili yangu ya mtoto, ule ukimya haukuwa mtupu. Niliamini Danieli amekaa pale kwenye benchi anaitikia, na mama peke yake ndiye anayemsikia. Tangu siku hiyo sikulikalia benchi. Nikitumwa kulifuta nililifuta kwa mkono mmoja nikiwa nimeangalia pembeni. Nikimwona kuku karuka juu yake nilimfukuza, nikidhani anamkanyaga mdogo wangu. Kila Jumamosi mama alilitoa, na kila Jumamosi mimi nilikwenda kujificha nyuma ya ghala la mahindi.

Halafu nikafanya kosa langu. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya kukata masikio. Mama alikuwa amekwenda maji kule korongo la chini, maana chemchemi ya karibu hatukuruhusiwa tena, na kwenda na kurudi ilikuwa asubuhi nzima. Aliniachia sufuria ya ngwara mekoni. Kiberiti kilikuwa kimekwisha tangu juzi yake, kwa hiyo neno lake la mwisho lilikuwa, "Moto usizimike, Agnes." Mimi nikaenda kucheza na mbuzi. Niliporudi majivu yalikuwa ya baridi.

Nilifanya nilichokuwa nikifanya siku zote moto ukizimika kwetu. Nilichukua kigae, nikapita kwenye pengo la mikonge, nikaingia jikoni kwa Mama Tluway. Yeye hakuwepo. Nikachagua kaa zuri, nikalifunika na majivu, nikatoka mbio. Mama mkwe wake alikuwa ameketi juani nyuma ya nyumba, akaniona. Aliweka mkono mdomoni. Sikujua nimefanya nini. Nilijua tu kwamba mama akirudi atakuta ngwara zinachemka na sitachapwa.

Siku chache baadaye ng'ombe wa Mama Tluway akatupa mimba. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Mama Tluway akaja mpaka kwenye mikonge, hakuvuka, akamwita mama. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Sikusikia maneno, niliona tu midomo. Mama Tluway alisema mengi akinyoosha kidole kuelekea jikoni kwake, kisha akauliza kitu. Mama akajibu kwa neno moja au mawili. Mama Tluway akamtazama kwa muda mrefu, akageuka, akaenda zake.

Kuanzia hapo hata kikapu cha viazi hakikuja. Hata salamu ya mbali haikuja. Na mama hakuniuliza. Alirudi akaendelea kupepeta mahindi, na mimi nikajua kwamba hajui. Nikajiona nimepona. Lakini usiku wa moyo wangu ndipo ulipoanza, maana watoto wa shule waliopita barabarani walinieleza yote kwa mbali, kwamba mtu wa nyumba yenye metimani akichukua kaa la moto kwa jirani, anaacha kifo kwenye jiko lile. Nikapiga hesabu yangu. Danieli, ndama wa Mama Tluway, na sasa aliyekuwa tumboni mwa mama. Nilikuwa na hakika mimi ndiye nitakayemuua.

Jumamosi ile sikujificha. Nilisimama karibu na mama akianza rozari, na alipofika kwenye ukimya wake nikamwuliza, "Mama, Danieli anakujibu nini?"

Akanigeukia, hakuelewa. Nikanyoosha kidole kwenye benchi. Akaelewa, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijakisahau, kama mtu anayetaka kulia na kucheka na hana nguvu ya lolote.

"Hapana, mwanangu. Danieli yuko kwa Mungu. Mimi hapo huwa navuta pumzi. Tumbo limepanda, nachoka."

"Sasa kwa nini usiache?"

Alifikiri. Mama hakuwa mtu wa maneno makubwa. "Mungu hachoki kusikia," akasema. "Mimi ndiye ninayechoka kusema. Sasa nikiacha, nitakuwa nimebaki na kuchoka tu."

Nikakaa kwenye benchi. Ni mbao tu, baridi, na harufu ya mtarakwa. Mama akasema nusu yake, na mimi nikaitikia ya pili. Wiki ile na nyingine baada yake. Nataka niseme ukweli, mimi sikuwa nasali kwa upendo. Nilikuwa nalipia ndama. Lakini niliona kwamba ninapoitikia, mama anapata nafasi ya kuvuta pumzi vizuri, mabega yanashuka, na hilo likanitosha.

Uchungu ulimshika katikati ya rozari. Jua lilikuwa limetoka, umande bado mbichi. Alisema nusu ya Salamu Maria akakamata ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nikaitikia. Akasema nyingine, kwa meno yaliyobana. Maji yakamtiririka miguuni. Akaniambia, kwa utulivu kabisa, "Agnes, kaite mtu."

Mtu yupi? Nilifika kwenye mikonge na sikuvuka. Nilishavuka mara moja, nikaua. Nikasimama pale pale mpakani, nikaita, "Mama Tluway! Mama Tluway!" mpaka sauti ikapasuka. Akatoka na kibuyu mkononi. Nyuma yake mlangoni akasimama yule mama mkwe.

"Mama yako anafanya nini?" akauliza.

"Anasali."

"Nakuuliza anafanya nini, wewe mtoto."

"Anasali, na mtoto anatoka."

Mama mkwe akamwambia kwa Kiiraqw kwamba akivuka asirudi. Mama Tluway akaweka kibuyu chini. Alitazama mikonge kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama masomo ya siku nzima. Kisha akamjibu mkwewe, bila hasira, "Basi nguo zangu mtanitupia hapa," akapandisha kitenge, akavuka.

Tulipofika uwanjani mama alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya benchi, ametupa mgongo. Hakutuona. Alikuwa anamalizia nusu yake ya sala kwa pumzi fupi fupi, akafika mwisho, akanyamaza. Mimi nikafungua mdomo. Sauti iliyoitikia haikuwa yangu. Mama Tluway aliitikia nusu ya pili yote, taratibu, huku anakunja mikono ya blauzi. Mama akainua kichwa. Akamwona. Akajaribu kuvuta kanga ajifunike.

"Acha hiyo," Mama Tluway akasema. "Mficha uchi hazai. Agnes, weka maji motoni."

Kabla ya saa sita mdogo wangu Martina alikuwa amezaliwa na analia kwa fujo. Nililia na mimi, nyuma ya ghala, kwa sababu alikuwa hai. Mama Tluway kweli alitupiwa nguo zake kwenye mikonge. Alikaa kwetu mpaka mumewe alipotoka machungani na kumwambia mama yake basi inatosha. Tangu siku ile na yeye akahesabiwa wa metimani, na Jumamosi iliyofuata walikaa wawili kwenye benchi, mmoja anatangulia mwingine anaitikia. Baadaye akaja wa tatu. Wazee nao walipoifungua metimani rasmi, uwanja wetu ulikuwa umeshajaa. Mimi niliambiwa ni miujiza ya rozari na niliamini. Lakini siri yangu ya kaa la moto niliendelea kuibeba. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Na katika miaka hii ya karibuni, mume alipoondoka na mimi nikabaki na watoto na kazi ya kufua mashuka ya lodge, niliacha kusali kabisa. Sikukasirika na Mungu. Nilichoka tu.

Fundi alipomaliza mguu, Mama Tluway akaja na fimbo yake, mzee sasa, akaketi kwenye benchi kulijaribu. Nikaketi karibu naye. Sijui ni ile harufu au ni msiba, nikajikuta nimesema.

"Mama, lile kaa la moto. Hakunituma mtu. Nilikuja mwenyewe."

Hata hakunigeukia. "Najua."

"Unajuaje?"

"Siku ile nilimwuliza mama yako mpakani, nani kamtuma mtoto. Akaniambia, 'Nilimtuma mimi.' Mama yako, ambaye hajawahi kudanganya hata mchuuzi wa nyanya. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimepishana naye kwenye njia ya korongo, na ndoo kichwani. Alinipisha akasimama kwenye nyasi nipite, kwa ajili ya metimani yake. Angekutuma saa ngapi?"

Jina la mkosi likimshika mtoto wa kike, linamfuata mpaka kwa mume. Mama alilijua hilo.

"Kwa hiyo na yeye alijua ni mimi."

"Nyumba haina kiberiti, moto unawaka, na wewe umeonekana na kaa langu. Mama yako alikuwa mjinga?" Akasugua magoti yake. "Padre alipokuja, mama yako alikuwa wa kwanza kuungama, watu wamemkalia mbali, na tumbo lile. Nikajua anaungama nini. Siku hiyo hasira yangu ya ng'ombe iliisha. Nilibaki na uoga tu, na uoga ukanichelewesha wiki mbili tatu. Hizo wiki mimi ndizo nilizoungama."

"Na hukumwambia kwamba unajua?"

"Ili iweje? Alishachoka, nimwongezee na aibu?"

Jua lilikuwa limefika uwanjani. Ilikuwa Jumamosi, sikuwa nimekumbuka. Mama Tluway akatoa rozari yake mfukoni mwa sweta, akafanya ishara ya msalaba, akaanza bila kuniuliza. Akasema nusu ya kwanza, akafika mwisho, akanyamaza, akangoja. Fundi akaacha kukusanya vifaa vyake.

Sikuitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye mbao.

"Unalia?" akauliza Mama Tluway.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Navuta pumzi."